Nilivyoogopa Kumlisha Baba

Muuguzi wa hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu, na alinisemesha huku akimfuta baba mate pembeni mwa mdomo.

"Chakula chake kitoke jikoni kwenu," aliniambia. "Kisiwe cha kununua barabarani. Kile kina chumvi na mafuta mengi, na presha ndiyo iliyomwangusha. Kiwe laini, kiwe kizito kidogo, kisimiminike kama maji. Unaelewa?"

Nilisema naelewa. Baba alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, upande wake wa kulia umelegea kwa kiharusi kama nguo iliyolowa, na jicho lake zima lilikuwa likinitazama mimi. Tulikuwa tunajua jambo moja ambalo muuguzi hakulijua. Mimi sikujua kupika.

Mama yangu, Mkongomani wa Bukavu, alifariki nikiwa shule ya bweni, na shuleni tulipikiwa. Baba alikuwa polisi, mtu wa kaskazini, na baada ya mama kuondoka yeye ndiye aliyeshika mwiko: posho, yaani ugali, na maharage, sufuria kubwa, haraka ya kambini, chumvi inamwagwa kwa kiganja. Nyumbani tulisema Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyowakutanisha wazazi wangu, yeye na cha kambi, mama na cha Kongo, na hicho hicho ndicho kilichonipa kazi ya ukalimani mjini. Nilipopanga flati yangu Bukoto nilinunua jiko la gesi kwa sababu kila mtu alikuwa nalo. Niliweka vitabu juu yake. Asubuhi nilikula roleksi, yaani chapati iliyovingirishwa na mayai, pale kwa kijana wa kona, jioni chipsi. Sikuona upungufu wowote katika maisha hayo.

Muuguzi alinionyesha namna ya kulisha. "Akae wima. Kidevu kishuke kidogo, hivi. Kijiko kidogo, tena nusu. Mtazame koo, lipande na lishuke, ndipo ujue amemeza. Halafu msemeshe, akujibu. Sauti yake ikitoka kama ina maji ndani, acha hapo hapo. Usimwongeze."

"Nikimwongeza?"

"Chakula kitaingia mapafuni," alisema, kwa sauti ile ile ya taratibu. Kisha akanionyesha jinsi ya kumwinamisha na kumpiga mgongoni kati ya mabega ikiwa atapaliwa, akanifanya nirudie mbele yake, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Katika gari la kukodi, tukielekea kwangu, nilikuwa nimemshika baba kiuno asilalie upande mmoja, na nilichokuwa nikikiona mbele yangu hakikuwa barabara. Kilikuwa kijiko. Nilijua watu wanaoweza kumuua mtu kwa bunduki, maana nimekulia kambini. Sikuwahi kufikiri kwamba mimi ningeweza kumuua baba yangu kwa kijiko cha uji.

Jioni hiyo nilitoa vitabu juu ya jiko. Mtungi wa gesi ulikuwa pembeni, wa rangi ya machungwa, na hadithi zote za mitungi iliyolipuka mitaani zilinijia kwa pamoja. Nilifungua gesi, nikaisikia inafoka. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikazimika. Iliyofuata ilipowaka, moto uliruka hadi usawa wa uso wangu, na vinyweleo vya mkono vikatoa harufu ya kuungua. Nikapiga ukelele.

Baba naye akatoa sauti kule chumbani, sauti isiyo na maneno, ya mtu anayetaka kuinuka na mwili unamkatalia. Hiyo ilinitisha kuliko moto. Niliona kwamba ataanguka akija kuniokoa. Nikamkimbilia, nikamkuta mguu mmoja uko chini na shuka imemzonga.

Mama muuza mboga, aliyekuwa na meza yake chini kwenye ngazi za flati zetu, alisikia akapanda mbio. Alikuwa mwanamke wa Uvira, huko Kongo, mnene, kitenge amekifunga kiunoni. Alifunga gesi, akafungua dirisha, akaja kunisaidia kumlaza baba, kisha akanishika bega.

"Weye binti yangu, unaogopa moto ama unaogopa baba?"

"Vyote viwili, mama."

"Basi tuanze na moto. Moto iko rahisi." Alingoja mpaka harufu ikaisha kabisa. "Washa kiberiti kwanza. Sogeza hapa. Sasa ndiyo ufungue gesi, kidogo, kidogo. Moto ungojee gesi. Gesi isingojee moto."

Akanifanya niwashe na kuzima, niwashe na kuzima, hadi nikaweza bila yeye kunielekeza. Halafu akashuka, akarudi na kipande cha boga, nyanya, kitunguu, tangawizi, ndimu, unga wa karanga na fungu la dodo, huo mchicha wetu wa Kampala.

"Boga usilimenye, utajikata vidole. Ngozi yake ngumu. Kata vipande vikubwa, toa mbegu, panga kwa sufuria, maji kidogo tu huko chini, funika. Wende ukamwogeshe baba. Ukirudi limeiva."

Sikuamini, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilimwosha baba, nikambadilisha shati, na niliporudi boga lilikuwa linakombwa kwa kijiko kutoka kwenye ganda lake kama ndizi mbivu. Nikaliponda kwa uma. Kwenye sufuria nyingine alinisimamia nikakaanga kitunguu kwa tone la mafuta, nikaweka nyanya na tangawizi ya kuparuza. Unga wa karanga alinizuia nisiumwage moja kwa moja sufuriani. Aliniambia niukoroge kwanza kikombeni kwa maji ya baridi mpaka madonge yaishe, ndipo nimimine, nipunguze moto na nisiondoke, maana karanga hushika chini upesi. Mchuzi ulizidi kuwa mzito, ukaanza kutoa vipovu vya uvivu. Yeye akanyoosha mkono kwenye chumvi.

Nikamshika mkono.

"Bila chumvi?" alishangaa. "Huyu mzee atakula kama mbuzi!"

"Muuguzi alikataza."

Akakata ndimu, akakamua ndani, akaonja. Akakunja uso. Akaonja tena. "Haya," alisema. "Inakubali."

Kijiko cha kwanza nilikishika muda mrefu hewani. Baba alikuwa wima, mito nyuma yake, kidevu chini. Nilimwekea nusu, nikatazama koo. Halikusogea. Halafu likapanda, likashuka.

"Baba, sema kitu."

"Nini?" alisema. Sauti ilikuwa nzito na imepinda, lakini kavu. Nikampa kingine. Sahani ile ndogo ilituchukua muda hata chakula kikapoa, nikakipasha, kikapoa tena. Tulipomaliza, fulana yangu ilikuwa imelowa jasho mgongoni.

Nikaanza maisha mapya. Asubuhi niliamka mapema, nikainjika viazi vitamu au boga, nikaviponda na kuviweka kwenye chupa pana inayohifadhi joto. Mchuzi wa siku mbili niliupika jioni, nikautia kwenye friji, asubuhi nikaupasha tu. Niligundua kwamba kupika hakunichukui muda kama nilivyodhani. Kilichonichukua muda ni woga. Kila kitu nilikipitisha kati ya vidole. Mchana mama muuza mboga alipanda kumlisha, naye nilimfundisha kama nilivyofundishwa, nikamfanya arudie, nikaondoka bado sijamwamini. Ofisini nilikuwa nikitafsiri maneno ya watu waliokimbia vita, na katikati ya sentensi yao nilikuwa nikisikia kikohozi ambacho hakikuwepo.

Jumamosi moja nilishuka hadi Port Bell, bandarini ziwani, kutafuta samaki, kwa sababu muuguzi alisema samaki ni mzuri kwa mtu wa presha. Nilichagua ngege mbichi, yule ambaye wengine humwita sato, macho yake bado maangavu. Nilimchemsha na nyanya, kitunguu saumu na majani ya giligilani. Alinukia vizuri mno hata baba aliita kutoka chumbani. Nikaketi na sahani, nikaanza kutoa miiba. Nilichambua nyama ile hadi ikawa nyuzi, nikaipitia upya, nikanawa mikono, nikaipitia tena kwenye mwanga wa dirisha. Kisha nilishindwa. Nilimpa baba boga lake la kila siku, na samaki nikamla mwenyewe jikoni nimesimama, nikiutafuta mwiba kwa ulimi. Hata mmoja sikuupata.

"Samaki?" baba aliuliza niliporudi.

"Ameungua," nilisema. Alinitazama kwa jicho lile la polisi.

Alipaliwa asubuhi ya mvua, na haikuwa samaki. Ilikuwa dodo. Nilikuwa nimeyachambua majani, nimeyakatakata, nimeyapika mpaka yakalainika, lakini uzi mmoja wa bua ulibaki, mwembamba kama wa kushonea. Kijiko kilipoingia koo lilipanda, halikushuka. Akakohoa mara moja, kikohozi kidogo cha adabu. Kisha kikohozi kikakatika, mdomo ukabaki wazi na hakuna sauti iliyotoka. Mkono wake wa kushoto ulinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

Nilimwinamisha. Nilimpiga kati ya mabega. Nilimpiga tena. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya nyumba ya chini na nakumbuka nilikuwa nikisema "baba, baba, baba," sikuweza neno lingine. Uso wake uligeuka rangi ya majivu. Nikampiga kwa kiganja chote, kwa namna ambayo mtoto hampigi mzazi, na boga likamtoka, na ule uzi wa kijani ukamtoka ukining'inia mdomoni, na akavuta pumzi. Ilikuwa pumzi mbaya, yenye mlio wa bawaba kavu, lakini ilikuwa pumzi.

Tulikaa sakafuni wawili, mimi nimemwegemeza kifuani kwangu. Sikwenda kazini.

Mchana nilimletea boga tupu, nililolipitisha kwenye chujio la chai. Alifunga mdomo. Nikadhani amechoka. Jioni alifunga mdomo tena. Kesho yake mama muuza mboga alikuja na maneno matamu na utani wa Kikongo, akamwita bwana mkubwa, akamwita bwana harusi. Baba akageuzia uso ukutani. Dawa zake nilizosaga na kuchanganya na kijiko cha boga hazikupita. Midomo yake ilianza kukauka na kupasuka. Mama muuza mboga alinivuta hadi kwenye ngazi.

"Nimeshaona watu namna hii," alisema kwa sauti ya chini. "Anakataa kwa sababu anataka kwenda."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nisiposema mimi, nani atakuambia?"

Nilirudi jikoni nikasimama. Woga nilioujua mpaka siku hiyo ulikuwa na mahali pake: kooni, mwibani, kwenye uzi wa dodo. Huu haukuwa na mahali. Ulikuwa umejaa flati nzima. Niliamua kwamba kesho asubuhi namrudisha hospitali wamtie mrija wa kulishia, na kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu, nikainjika boga.

Nililiponda, nikalichuja, nikalichuja tena. Nikaweka mchuzi wa karanga mzito usio na jani hata moja. Nikabeba bakuli na vijiko viwili, nikakaa mbele yake, na kwa kuwa sikuwa nimekula tangu asubuhi, nikaanza kula mimi.

Baba alinitazama nikila. Nilikula polepole, chakula hakina chumvi, kina utamu wa boga na ukali mdogo wa tangawizi.

"Baba, umenikasirikia?"

Akatikisa kichwa.

"Chakula ni kibaya?"

Akatikisa tena, ila safari hii kwa mashaka, nami nikakaribia kucheka.

"Unataka kwenda kwa mama?"

Mdomo wake ulikuwa unalitafuta neno, unalikosa, unalitafuta. Kisha likatoka.

"Naogopa."

Sikuwahi kulisikia neno hilo kwake. Huyu ni mtu aliyetumwa kwenye ghasia na akarudi na shati limeraruka akaniuliza kama nimefanya kazi za shule. Machozi yalinitoka kabla sijayaona yanakuja.

"Mimi pia naogopa, baba. Kila kijiko. Tangu siku ya kwanza."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe pia?"

"Yule samaki hakuungua. Niliogopa miiba nikamla mwenyewe."

Upande mzima wa uso wake ulianza kucheka, na ule mwingine ukabaki umelala. "Mwizi," alisema. Halafu akaliangalia bakuli. "Wewe kula kimoja. Mimi kimoja. Polepole."

Ndivyo tulivyofanya. Nilimeza, nikafungua mdomo kumwonyesha. Alimeza, akafungua mdomo kunionyesha. Dawa zilipita katika kijiko cha tatu au cha nne. Nje watu walikuwa wanatoka kazini na mama muuza mboga alikuwa anabishana na mteja, na mimi nilikuwa nikitazama koo la baba yangu likipanda na kushuka.

Kuanzia hapo alikataa kulishwa asichokiona kikipikwa. Nilimsogezea kiti hadi mlangoni mwa jiko, nikamfunga shuka kiunoni asiteleze, naye akakaa kama mkuu wa kituo. "Hiyo bado. Ponda tena." "Moto mingi." "Hiyo karanga inashika chini, koroga." Mkono wa kushoto aliupa kazi ya kumenya kitunguu saumu, punje moja ilimchukua muda ambao mimi ningemaliza kichwa kizima, lakini niliacha. Alinifundisha maharage. Niyaloweke kabla ya kwenda kazini, jioni nimwage maji yale, niweke mapya, yataiva upesi na tumbo halitalalamika. Niliyaponda na kuyachuja ganda lote. Alipoyaonja alifumba macho.

"Chumvi?" alijaribu.

"Hapana, baba."

"Kidogo?"

"Hapana."

Halafu, Jumapili moja, nilimkuta paji la uso linachoma na pumzi zinakimbizana. Nilijua ni nini. Muuguzi alikuwa ameniambia. Chakula kimeingia mapafuni, kidogo kidogo, bila kikohozi, na mimi nimekuwa nikikitia mwenyewe kila siku. Njia nzima ya kwenda Mulago nilimshika kifua nikisikiliza kwa kiganja. Kwenye korido tulikaa kwenye benchi na sikuweza kumtazama usoni.

Walimpima damu, wakampiga picha ya kifua. Nilimwona muuguzi wetu akija kutoka mbali, na kwa kuwa alitembea taratibu kama anavyosema, sikuweza kusoma lolote katika mwendo wake.

"Mapafu ni safi," alisema. "Ana malaria."

"Malaria?"

"Malaria tu."

"Asante Mungu," nilisema kwa sauti kubwa, nikamkumbatia, na watu kwenye benchi wakageuka kumtazama mwanamke anayemshukuru Mungu kwa malaria ya baba yake. Muuguzi alichukua kijiko, akamwambia baba akae wima, akamjaribu kumeza, akamsikiliza sauti.

"Amepata nguvu hapa," alisema akigusa koo. "Unampa nini?"

Nikamweleza boga, karanga, viazi, maharage ya kuchuja.

"Endelea. Maji matupu bado usimpe. Samaki jaribu, ila utoe miiba vizuri."

Baba alinitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Siku hizi anatembea kwa fimbo kutoka kitandani hadi jikoni na anashika kijiko mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Samaki anakula, na mimi huketi karibu yake bila kula mpaka amalize. Wali laini ameanza. Bado kila anapokohoa mezani mkono wangu husimama ulipo, na mama muuza mboga hunicheka, kisha naona yeye pia ameacha kutafuna.

Juzi nilikuwa ofisini, nimetoka kwenye chumba cha mahojiano kunywa maji, simu ikaita na jina lake likatokea. Huwa hapigi. Kwa muda sikuweza kubonyeza.

"Baba? Kuna nini?"

"Ukikuja leta papai," alisema. "Ile laini kabisa."

"Umekula?"

"Nimekula. Boga imebaki."

Halafu akakohoa. Nikangoja. Upande wa pili kulikuwa kimya, nikasikia tu magari ya barabara yetu.

"Baba?"

"Niko," alisema. "Hiyo ni vumbi."

Akakata simu. Nilimaliza maji yangu, nikarudi ndani kwa mteja aliyekuwa akiningoja, na jioni nikapita sokoni kutafuta papai, nikiyabonyeza moja baada ya jingine kwa kidole gumba mpaka muuzaji akaniuliza nina shida gani.